Fleti ni yako, ardhi ina miaka yake: lizi ikikaribia kwisha, nani ataiongeza?

Simu inapigwa kutoka Nairobi. "Baba, kuna fleti inauzwa, vyumba viwili, na bei yake iko chini kuliko zote za jirani." Nyumbani kikao kinaitishwa. Inaamuliwa kwamba ekari moja ya shamba alilolima babu iuzwe, na akiba ya sacco iongezwe juu yake. Wazee wanauliza bei. Akina mama wanauliza maji na usalama. Mara nyingi hakuna anayeuliza swali ambalo lingeeleza kwa nini bei iko chini: hiyo fleti imebakiwa na miaka mingapi?

Kwa mtu aliyekulia kwenye shamba, swali hilo ni geni. Shamba halina miaka. Linatoka kwa babu kwenda kwa baba, kisha kwa watoto. Lakini sehemu kubwa ya ardhi ya miji yetu nchini Kenya imekodishwa na serikali kwa muda maalumu, na fleti iliyojengwa juu yake haiwezi kuishi zaidi ya muda huo mpaka mtu fulani aombe uongezwe. Katika makala haya tunaeleza muda huo ulikotoka, jinsi unavyoongezwa, na kwa nini familia iliyo mbali na mji inaweza kuupoteza bila kujua.

Ardhi isiyo na mwisho na ardhi yenye mwisho

Kuna namna mbili kuu za kumiliki ardhi ya binafsi. Ya kwanza ni umiliki wa kudumu. Mashamba mengi ya Kati, Magharibi na Nyanza yako hivyo. Upimaji na utoaji wa hati kwa wakulima Waafrika ulishika kasi baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, na hati zilizotoka hazikuwa na tarehe ya mwisho.

Namna ya pili ni ya kukodishiwa ardhi kwa miaka kadhaa, na hati yake wengi huiita lizi. Hii ilianza na wakoloni. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliruhusu walowezi kukodishiwa ardhi kwa miaka 99. Walowezi walilalamika kwamba muda ni mfupi, na sheria ya mwaka 1915 ikawapa miaka 999 kwa mashamba. Ploti za mijini zilibaki katika miaka 99 au chini ya hapo, na baada ya uhuru serikali iliendelea na utaratibu huo huo. Ndiyo maana ploti ya duka katika mji wako mdogo huenda ina lizi ya miaka 33 au 99, ilhali shamba lililo kilomita mbili kutoka hapo halina muda wowote.

Katiba ya mwaka 2010 iliongeza jambo moja. Asiye raia wa Kenya hawezi kumiliki ardhi ila kwa lizi isiyozidi miaka 99. Wageni waliokuwa na miaka 999 walipunguziwa hadi 99.

Kwa hiyo familia inayouza ekari ya shamba ili inunue fleti huenda inabadilisha mali isiyo na mwisho kwa mali yenye mwisho. Hilo si kosa. Fleti inaweza kuleta kodi ya kila mwezi ambayo mahindi hayaleti. Kosa ni kubadilishana bila kuhesabu.

Juu kuna fleti, chini kuna lizi

Watu wa Pwani wanaelewa jambo hili haraka. Mombasa kuna nyumba nyingi ambazo mwenye nyumba si mwenye ardhi. Amejenga kwa jasho lake, lakini kila mwezi analipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Hata mnazi unaweza kuwa na mwenyewe, na ardhi uliposimama ikawa na mwenyewe mwingine.

Fleti za Nairobi, Nakuru au Kisumu mara nyingi ziko katika hali inayofanana na hiyo, ila makaratasi yake ni mengi zaidi. Serikali imemkodishia kampuni au mtu ardhi kwa miaka 99. Hiyo ni lizi kuu. Mwenye lizi kuu amejenga jengo la fleti 40, kisha akamkodishia kila mnunuzi fleti yake kwa muda uliobaki, kwa kawaida pungufu kwa siku moja au chache. Hiyo ni lizi ndogo, na ndiyo wengi walio nayo kabatini wakiamini ni hati ya milele. Pamoja nayo, mnunuzi hupewa hisa katika kampuni ya usimamizi, inayotunza ngazi, paa, lango na tangi la maji.

Lizi ndogo haiwezi kuishi zaidi ya lizi kuu. Lizi kuu ikiisha, ardhi inarudi kwa serikali, na kwa kanuni ya sheria jengo hufuata ardhi. Rangi mpya na vigae vipya haviongezi hata siku moja.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mfano. Lizi kuu ya miaka 99 ilianza tarehe 1 Januari 1957. Itaisha tarehe 31 Desemba 2055. Anayenunua fleti hapo mwanzoni mwa mwaka 2026 ananunua miaka 30 tu. Kama mnunuzi ana miaka 35, lizi itaisha akiwa na 65, wakati ambao alitarajia kuishi kwa kodi ya fleti hiyo au kumwachia mwanawe.

Lakini shida haisubiri 2055. Benki ikikopesha kwa miaka 20, inataka kuona kwamba mkopo ukiisha bado kuna miaka ya kutosha kwenye lizi, ili mali iwe na thamani ya kudai. Miaka ikipungua, wanunuzi wenye mikopo wanaondoka, wanabaki wenye pesa taslimu, na hao hupunguza bei. Ndiyo maana fleti mbili zinazofanana, upande huu na ule wa barabara moja, zinaweza kuwa na bei tofauti kabisa.

Kuna na mlango wa kisheria unaofungwa mapema. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika mwezi Desemba mwaka huo, inamruhusu mwenye fleti kupata hati yake mwenyewe ya sehemu ya jengo, pamoja na fungu lake katika ardhi na maeneo ya pamoja. Lakini kama ardhi ni ya lizi, sharti iwe imebakiwa na angalau miaka 21. Katika mfano wetu, baada ya tarehe 1 Januari 2035 mlango huo umefungwa, hadi lizi kuu iongezwe kwanza.

Sheria inasemaje kuhusu kuongeza miaka?

Habari njema ni kwamba mwenye lizi hatupwi nje kama mpangaji wa chumba. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 kinasema lizi ya ardhi ya umma inapoisha, mwenye nayo apewe nafasi ya kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Masharti ni mawili: awe raia wa Kenya, na ardhi iwe haihitajiki na serikali ya kitaifa au ya kaunti kwa matumizi ya umma.

Kanuni za mwaka 2017 zinaeleza utaratibu wenyewe. Tume ya Taifa ya Ardhi inatakiwa kumwandikia mwenye lizi kwa barua ya rejista ndani ya miaka mitano kabla ya lizi kuisha, imjulishe tarehe ya mwisho na haki yake ya kupewa nafasi ya kwanza. Asipojibu kwa mwaka mmoja, tangazo linachapishwa kwenye gazeti la kitaifa.

Kuna tofauti ya kuzingatia hapa. Kuomba muda uongezwe kabla lizi haijaisha ni jambo moja. Kuomba upewe lizi upya baada ya ile ya kwanza kuisha ni jambo jingine. Anayeomba mapema bado ni mmiliki, ana hati mkononi, na akiombwa karatasi ana muda wa kuitafuta. Anayeomba baada ya kuisha anaomba kitu ambacho kwa sheria kimesharudi kwa mwenyewe. Huna haja ya kusubiri barua ya Tume ndipo uombe.

Maombi hayamalizwi katika ofisi moja. Kaunti inatoa maoni yake kuhusu mipango ya mji. Wataalamu wa upimaji na upangaji wanaangalia mipaka na matumizi ya ardhi. Ni lazima kodi ya ardhi ya serikali kuu na ada za ardhi za kaunti ziwe zimelipwa. Kisha mthamini wa serikali anakadiria ardhi, na kodi ya kila mwaka inapangwa upya. Mtu aliyezoea kodi iliyoandikwa mwaka 1957 ajiandae, kwa sababu thamani ya leo si ya wakati ule. Mwishowe lizi ya zamani inarudishwa na mpya inasajiliwa.

Na nafasi ya kwanza si ahadi ya kupewa. Tumeona katika mjadala wa lizi za mashamba makubwa ya mananasi ya Murang'a na Kiambu, na ya majani chai ya Bonde la Ufa, kwamba lizi kubwa inapoisha, kaunti na wakazi nao hujitokeza na madai yao. Jengo la fleti si shamba la maelfu ya ekari. Lakini kama barabara mpya imepangwa kupita hapo, au jengo linadaiwa ada za miaka mingi, jibu linaweza kuchelewa au kuwa na masharti.

Nani atapeleka maombi?

Hapa ndipo penye fundo la mambo. Nafasi ya kwanza inayotajwa na sheria ni ya mwenye lizi kuu. Mwenye fleti namba 17 hawezi kwenda peke yake kuongeza miaka ya ardhi iliyo chini ya fleti 40. Maombi ni ya ardhi nzima, na anayeyapeleka ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye lizi kuu.

Utaratibu mzuri ni kwamba mjenzi akimaliza kuuza fleti zote, anaihamishia kampuni ya usimamizi haki yake iliyobaki katika ardhi. Hapo wenye fleti, kupitia hisa zao, wanaweza kuitisha mkutano, kuchangishana na kuomba. Mambo huharibika pale mjenzi asipohamisha chochote. Jina linabaki lake. Kampuni yake ikifungwa, au wakurugenzi wake wakifariki, wenye fleti wanabaki wakitafuta saini ya mtu asiyepatikana.

Hata kampuni ya usimamizi ikiwepo, inaweza kuwa imelala: haijafanya mkutano kwa miaka, haijapeleka ripoti zake kwa msajili, na nusu ya wanachama hawalipi hata ada ya taka. Jengo lisiloweza kukusanya pesa za kurekebisha pampu ya maji litakusanyaje za mpimaji, mthamini na wakili?

Sheria ya 2020 ilikusudia kupunguza tatizo hili. Lizi ndogo za zamani zilitakiwa kugeuzwa ziwe hati za sehemu ndani ya miaka miwili, na jengo lililosajiliwa hivyo linakuwa na shirika la wamiliki linalotambuliwa na sheria. Tahadhari moja tu: hati ya sehemu haiongezi miaka. Kama ardhi ina miaka 25, hati yako mpya nayo ina miaka 25. Faida yake ni kwamba jina lako sasa linaonekana kwenye daftari la serikali, na kuna chombo chenye uwezo wa kuzungumza kwa niaba yenu wote. Jengo likiwa kwenye ardhi ya umiliki wa kudumu, hati ya sehemu nayo inakuwa ya kudumu.

Barua inayokwenda kwa marehemu

Turudi kwenye ile barua ya rejista. Inakwenda kwenye anwani iliyoandikwa kwenye daftari. Katika jengo la zamani hilo ni sanduku la posta la mjenzi, si lako wewe uliye Bungoma au Kitui. Tangazo la gazeti nalo halifiki mahali ambapo habari hupatikana kwa redio na simu.

Ni vibaya zaidi pale mwenye mali amefariki. Familia nyingi hugawana kwa mdomo: "Fleti ya Nairobi ni ya kifungua mimba." Anaendelea kupokea kodi ya mpangaji, lakini kesi ya mirathi haikufunguliwa mahakamani na jina kwenye hati ni la baba. Miaka kumi ikipita, mkutano wa wenye fleti unapoitishwa ili kuomba lizi iongezwe, nafasi ya marehemu haina wa kupiga kura wala wa kutia saini. Kwa hiyo mirathi iliyocheleweshwa kijijini inaweza kukwamisha majirani 39 mjini.

Uraia nao una uzito wake. Kama fleti iko kwa jina la mtoto aliye Marekani au Uingereza, iulizwe kama bado ni raia wa Kenya. Katiba ya 2010 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kuwa na uraia wa nchi mbili. Lakini aliyechukua uraia wa nchi nyingine kabla ya Agosti 2010 aliupoteza wa Kenya, na ni lazima auombe tena. Ni afadhali alishughulikie sasa kuliko siku ya kuomba nafasi ya kwanza.

Fleti zinakuja kwenye kaunti

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya Nairobi. Si hivyo tena. Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024, mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake na mwajiri anachangia kiasi hicho hicho, na ujenzi wa fleti umefika hadi miji midogo ya kaunti. Walimu, wauguzi na wafanyabiashara wa sokoni wanajiandikisha kwa simu. Kwa wengi hii itakuwa mali yao ya kwanza ambayo haina udongo wa kulima. Swali ni lile lile: ardhi iliyo chini ni ya umiliki gani, na miaka ni mingapi?

Uliza haya kabla pesa haijatoka

Kwanza, fanya upekuzi rasmi wa ardhi, ule wengi huuita sachi, kwa lizi kuu na kwa fleti yenyewe. Kwa Nairobi upekuzi hufanywa kwenye mtandao wa Ardhisasa. Angalia tarehe lizi ilipoanza na idadi ya miaka, kisha piga hesabu mwenyewe. Usikubali kuambiwa tu "ni ya miaka 99", maana huenda 70 imeshaliwa.

Pili, uliza jina la nani liko kwenye lizi kuu. Ni mjenzi, ni kampuni ya usimamizi, au jengo limeshapata hati za sehemu?

Tatu, omba kuona risiti za kodi ya ardhi na ada za kaunti kwa ardhi nzima, si kwa fleti yako tu.

Nne, uliza mkutano wa mwisho wa wenye fleti ulifanyika lini. Kama hakuna anayekumbuka, elewa kwamba kazi ya kuwakusanya itakuwa yako.

Tano, kama miaka imebaki michache, mwambie muuzaji apunguze bei kwa sababu hiyo, na uweke kando pesa za kuongeza lizi. Usizitumie kwa fanicha.

Kwa ambao tayari wana fleti, upande wa kwanza wa kuangalia ni ule wa miaka 21. Jengo lililo juu ya kiwango hicho bado lina nafasi ya kupata hati za sehemu na kuomba nyongeza bila haraka. Lililo chini yake linahitaji kuanza na lizi kuu, na lianze sasa.

Serikali nayo ina la kufanya

Mzigo huu haufai kubebwa na mnunuzi peke yake. Uingereza, ambako mfumo huu wa lizi ulitoka, sheria ya mwaka 1993 ilimpa mwenye fleti haki yake binafsi ya kudai miaka 90 zaidi, amtake au asimtake mwenye ardhi. Mwaka 2024 Bunge la huko likapitisha sheria ya kufikisha nyongeza hiyo miaka 990. Hatusemi tuige kila kitu, maana huko mwenye ardhi mara nyingi ni mtu binafsi na hapa ni umma. Lakini wazo lenyewe ni la haki: aliyelipia fleti awe na sauti katika muda wake.

Kwetu, hatua ndogo ingesaidia. Taarifa ya lizi inayokaribia kuisha imfikie kila mwenye fleti aliyesajiliwa, kwa ujumbe wa simu, na ije mapema kuliko miaka mitano. Serikali inayoweza kutuma ujumbe wa kodi kwa simu ya kila mfanyabiashara inaweza kutuma na huu. Miaka mitano ni mingi kwa kampuni yenye mawakili. Kwa fleti 40 zenye wamiliki walio Bungoma, Kitui, Dubai na makaburini, ni michache.

Mpaka hilo litendeke, kikao cha familia ndicho kinachopaswa kuuliza. Kabla ekari ya babu haijauzwa, mtu mmoja asimame aulize miaka iliyobaki na nani ataiongeza. Kama mtoto aliyepiga simu hana jibu, ekari isiuzwe mpaka alipate.